Mtumiaji ni Nani? Mfumo wa Utambuzi wa Wakimbizi Dzaleka, 2013–2023

Katika historia ya mifumo ya habari ya amri na udhibiti, swali la mahitaji ya mtumiaji limejibiwa mara nyingi kana kwamba mtumiaji ni mmoja tu: yule atoaye amri. Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kurejelea makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, takribani kilomita 45 kutoka Lilongwe.

Dzaleka ilikuwa gereza la kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda kabla ya kufunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994. Iliandaliwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Kufikia 2023 ilikuwa na zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, Kiswahili kikiwa lugha yao kuu ya mawasiliano. Mwishoni mwa 2013, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilijaribia hapo mfumo mpya wa utambuzi kwa alama za vidole na mboni za macho. Watu wapatao 17,000 waliandikishwa. Kuanzia 2015 mfumo huo ulienezwa katika nchi nyingine.

Kwa msimamizi, jaribio lilikidhi haja: lilithibitisha iwapo aliyesimama mbele ya karani ndiye aliyeandikishwa. Mkimbizi naye alinufaika, kwani aliyepoteza karatasi zake aliweza kutambuliwa bila hizo. Hata hivyo, haja yake haikuishia kwenye dirisha la mgao. Mkimbizi afanyaye biashara katika mtaa kama Nsungwi, Lilongwe, anahitaji uthibitisho unaokubaliwa na polisi, mwenye nyumba na benki.

Pengo hilo lilidhihirika 2023. Mwezi Machi serikali iliwaamuru wakimbizi waishio mijini warejee Dzaleka. Mwezi Mei operesheni ya kuwakamata ikaanza Lilongwe. Chimbuko la amri hiyo lilikuwa sera ya ukaaji kambini, inayoafikiana na mipaka ambayo Malawi iliiweka juu ya uhuru wa kutembea ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Kutambuliwa na mashine hakukuwa kinga.

Hivyo basi, orodha ya mahitaji haina budi kuandaliwa pamoja na wanaoandikishwa, kwa lugha waielewayo, nayo itaje njia ya kusahihisha kumbukumbu na mahali ambapo kitambulisho kitaheshimiwa. Mambo hayo yasipoamuliwa kisheria kwanza, programu haiwezi kuyafidia.