Usafishaji wa njia ya hewa

Usafishaji wa njia ya hewa ni kazi ya mwili ya kunasa vumbi, masizi na vijidudu vinavyoingia na pumzi, na kuvitoa kabla havijazama mapafuni. Mtu mzima huvuta zaidi ya lita 10,000 za hewa kwa siku. Huko Kitshanga, mji wa vilima vya Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hewa hiyo mara nyingi huchanganyika na moshi wa jikoni.

Utendaji

Pua huzuia chembe kubwa, hasa zinazozidi mikromita 10. Zinazopenya hunata kwenye ute uliotanda juu ya kuta za trakea (bomba kuu la hewa) na bronki (matawi yake). Ute huo hukaa juu ya silia, vinyweleo visivyoonekana kwa macho, takriban 200 kwa kila seli, ambavyo hupiga kwa mfuatano kama wapiga kasia wa mtumbwi mmoja, mara 10 hadi 20 kwa sekunde. Ute hupanda kuelekea kooni milimita chache kila dakika, usiku na mchana, na mtu huumeza bila kujua. Ndani yake mna kimeng'enya cha lisozimu na kingamwili za IgA zinazopambana na bakteria.

Kwenye vifuko vya hewa hakuna silia. Chembe ndogo mno zinazofika huko humezwa na seli ziitwazo makrofaji. Kikohozi huja pale ute unapozidi nguvu za silia.

Vinavyoudhoofisha

Moshi wa kuni na mkaa hupunguza kasi ya silia na kuongeza ute. Katika kambi ya Mungote, huko Kitshanga, wakimbizi wa ndani walipika kwa miaka mingi ndani au mlangoni pa vibanda vya turubai, na baridi ya vilimani iliwalazimu kukaa karibu na moto. Wanawake na watoto wachanga wa mgongoni ndio waliovuta moshi mwingi zaidi. Volkeno za Nyamulagira na Nyiragongo nazo hutoa dioksidi ya salfa, ambayo upepo wa mashariki huisukuma upande wa Masisi.

Surua huharibu seli zenye silia na kufungulia nimonia mlango. Mlipuko ulioanza Kongo mwaka 2019 uliua zaidi ya watu 6,000, wengi wao watoto. Bakteria wa kifaduro hung'ang'ania silia zenyewe. Upungufu wa vitamini A hudhoofisha utando wote, ndiyo maana mtoto mwenye surua hupewa vitamini hiyo.

Kasoro za kuzaliwa

Kasoro za silia za kuzaliwa nazo ni nadra; mojawapo ilielezwa na daktari Manes Kartagener mwaka 1933.

Uhamisho wa mwaka 2023

Waasi wa M23 waliiteka Kitshanga mwishoni mwa Januari 2023. Wakazi wengi walikimbilia miji ya Sake na Goma, wakapikia tena kuni na mkaa katika vibanda vilivyobanana, penye moshi uleule unaochosha silia.