Tabo katika pikipiki za silinda mbili: ni zaidi ya kufunga kifaa

Mji wa Kisumu uko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho kanieneo ya hewa huwa imepungua kwa asilimia 12 hivi ikilinganishwa na ile ya Mombasa, nayo injini ya petroli inayojivutia hewa yenyewe hupungukiwa na nguvu kwa kadiri iyo hiyo. Mwendeshaji bodaboda anayetoka mtaa wa Kaloleni na kupanda hadi Kapsabet, kwenye mita 2,000 hivi, hupoteza karibu thuluthi mbili ya kiasi hicho tena. Hapo ndipo swali la tabo linapopata uzito: je, pikipiki inaweza kuongezewa hewa kama inavyofanyiwa lori au gari la mashindano?

Jibu ni ndiyo, ila kwa masharti mazito.

Tabo ni gurudumu dogo linalozungushwa na moshi wa ekzosi. Gurudumu hilo huzungusha feni ya pili inayosukuma hewa ndani ya silinda kwa shinikizo. Supachaja hufanya kazi iyo hiyo, lakini huzungushwa na injini yenyewe kwa mkanda, mnyororo au gia. Hewa ikiongezeka, petroli nyingi zaidi huchomeka na nguvu huongezeka. Uwezo wa tabo kufidia hewa hafifu ulithibitishwa mapema: mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss aliijaribu kwenye injini ya ndege katika mlima Pikes Peak, Marekani, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Wakenya nao waliiona nguvu yake katika mbio za Safari Rally, Toyota Celica yenye tabo iliposhinda mwaka 1984, 1985 na 1986.

Kwa pikipiki, supachaja ndiyo iliyotangulia. Novemba 1930, mjini Cork, Ireland, Joe Wright aliweka rekodi ya dunia ya zaidi ya kilomita 240 kwa saa akitumia injini ya JAP ya silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la herufi V. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, mwaka 1946, vifaa hivyo vilipigwa marufuku katika mashindano ya kimataifa, na utafiti ukadorora.

Ugumu wa injini ya V unatokana na mapigo yake. Katika injini nyingi za Harley-Davidson, ambazo silinda zake zimeachana kwa nyuzi 45, mlipuko mmoja hufuatwa na mwingine baada ya nyuzi 315 za mzunguko, kisha baada ya nyuzi 405. Moshi haufiki kwenye tabo kwa mtiririko sawa; hufika kwa vishindo viwili vya karibu, halafu kimya. Upande wa kuvuta hewa una dosari iyo hiyo: silinda moja huweza kushiba kuliko mwenzake. Isitoshe, injini ikipozwa kwa upepo, silinda ya nyuma hupata joto zaidi, na joto ndilo adui wa injini yenye tabo, kwa kuwa petroli huweza kulipuka kabla ya wakati wake na kutoboa pistoni.

Honda ilikabiliana na hayo yote mwaka 1982 ilipotoa CX500 Turbo. Injini yake ya V ya sentimita za ujazo 497 ilipozwa kwa maji. Kampuni ilipunguza uwiano wa mgandamizo hadi 7.2, ikaweka chumba cha kutuliza hewa kabla ya silinda, na ikaondoa kabureta ili petroli ipimwe kwa kompyuta. Ilitoa nguvu za farasi 82. Mwaka uliofuata ikaja CX650 Turbo yenye nguvu za farasi 100, kisha biashara hiyo ikaachwa. Pikipiki hizo zilikuwa nzito, ghali, na tabo ilichelewa kuitikia mkono wa dereva. Ikiwa kiwanda kikubwa kililazimika kuisanifu upya injini nzima, haielekei kwamba bomba la kuchomelewa litatosha.

Bodaboda za Kisumu, nyingi zikiwa za silinda moja ya sentimita za ujazo 100 hadi 150, ziko mbali zaidi na uwezekano huo. Pigo lake la moshi ni moja tu katika kila mizunguko miwili. Oili yake ni lita moja hivi, ilhali bearingi ya tabo inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika huitegemea oili hiyo hiyo. Breki, fremu na mnyororo wake havikutengenezwa kwa nguvu maradufu, na anayebebwa nyuma ni abiria aliyelipa nauli. Zile feni ndogo za umeme zinazouzwa ng'ambo kwa jina la tabo hazina shinikizo la maana.

Kwa anayepanda milima kila siku, tiba ya bei nafuu ni sproketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi. Kasi ya juu itapungua, lakini mvuto utaongezeka. Plagi ikiwa nyeusi kwa masizi, kabureta inamimina petroli kuliko hewa iliyopo, na fundi hana budi kuisawazisha au kuiwekea jeti ndogo zaidi. Chujio la hewa nalo lisafishwe kabla ya lolote kati ya hayo.