Mtoto wa Kennedy na Sindano ya Dadangu

Wasee, turudi Agosti 1963. Sisi huku tulikuwa tumebakisha miezi minne tupate Uhuru. Marekani, mke wa Rais John F. Kennedy akajifungua mtoto wa kiume, Patrick, wiki tano na nusu kabla ya wakati. Akakimbizwa Boston kwa madaktari wakali. Baada ya saa 39, akafa.

Alikosa nini? Mnakumbuka zile karatasi za nailoni kabla zipigwe marufuku? Ukiilowesha, pande zinashikana. Vifuko vya hewa ndani ya mapafu pia vina unyevu, na vingeshikana hivyo kila ukitoa pumzi. Kinachozuia ni safaktanti, utando wa mafuta na protini unaolegeza mvuto wa maji, kama sabuni. Mtoto akija mapema, mara nyingi hana ya kutosha. Kila pumzi ni kama kupuliza baluni mpya, tena na tena, mpaka anachoka.

Kinachoniuma ni hiki: Mary Ellen Avery na Jere Mead walikuwa wameshaonyesha hayo 1959, hapo hapo Boston. Chanzo kilijulikana. Dawa ndiyo haikuwepo. Mwaka 1972, Liggins na Howie wa New Zealand wakaonyesha kwamba mama akidungwa steroidi kabla ya kujifungua, mapafu ya mtoto hukomaa haraka. Mwaka 1980, Tetsurō Fujiwara wa Japani akatangaza kuwa amewatibu watoto 10 kwa safaktanti ya mapafu ya ng'ombe.

Sasa nije nyumbani. Mwaka jana dadangu alishikwa na uchungu akiwa wiki 31. Alifika hospitali mapema, nesi akamdunga ile sindano ya steroidi. Mpwa wangu alitoka mdogo kama mkate wa nusu, lakini akapumua. Leo anatambaa akivuta chaja yangu.

Ndiyo maana sipendi kusikia watu wakisema mtoto wa mapema "hakuwa wa kukaa." Pesa zote za Kennedy hazingenunua dawa ambayo haijavumbuliwa. Leo ipo. Safaktanti yenyewe bado ni ghali, sawa, lakini sindano ya mama si ghali. Mtoto akiikosa kwa sababu stoo ya hospitali ni tupu, ama mama alikosa doh ya boda usiku, tusisingizie sayansi. Sayansi ilishamaliza kazi yake. Iliyobaki ni yetu.