Kitengela: Ramani Waliyoichora Wenyeji

Ukiiacha barabara ya Mombasa pale Athi River na kushika njia ya Namanga, unaingia Kitengela kabla hujahisi kwamba umetoka Nairobi. Ghorofa zimebanana, malori ya maji yanapishana, na mabango ya ploti zinazouzwa yamepangana hadi Isinya. Sensa ya 2009 ilihesabu watu wapatao 58,000 katika mji huu. Ile ya 2019 ikakuta zaidi ya 150,000. Hata hivyo, mwendo mfupi tu kutoka kwenye lami kuna maboma ya Wamaasai wa Kaputiei, kuna ng'ombe, na ng'ambo ya mto kuna Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ambayo upande wake wa kusini umeachwa bila ua ili wanyama wapite.

Mahali kama hapa watafiti hawakosekani. Kwa miongo kadhaa wamekuja kuhesabu nyumbu, kupima mvua na kuwauliza wafugaji maswali. Inafaa kuuliza wenyeji walipata nini katika elimu hiyo yote, kwa kuwa sasa Kajiado ina vyuo vikuu vyake, na vyuo hivyo vina nafasi ya kuishi na jirani zao kwa namna iliyo bora.

Historia ya uwanda huu ni historia ya mipaka iliyowekwa na watu wa mbali. Kwa mikataba ya 1904 na 1911, serikali ya kikoloni iliwaondoa Wamaasai kwanza katika Bonde la Ufa, kisha Laikipia, ili walowezi wapate mashamba. Walisukumwa hadi hifadhi ya kusini, na Kajiado ikawa sehemu ya hifadhi hiyo. Miaka hiyohiyo reli ya kwenda kuchukua magadi ikatandikwa kutoka Konza kupitia Kajiado. Mwaka 1946 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Kwenye karatasi, mbuga iliishia mtoni. Nyumbu hawakuutambua mpaka huo: mvua iliponyesha walishuka kusini kula nyasi changa za Kaputiei, na kiangazi kilipokaza walirudi kwenye maji ya mbugani. Waliokuwa wakiwapokea kila msimu ni wafugaji, na malisho waliyokula ni yaleyale ya ng'ombe wao.

Baada ya uhuru ikaja sheria ya 1968 ya ranchi za vikundi. Ardhi ikaandikishwa kwa jina la kundi la wafugaji, kwa matumaini kwamba hati ingewalinda wasinyang'anywe. Lakini kundi lilipata shida kukubaliana juu ya idadi ya mifugo, mikopo na uongozi, na mwaka 1988 ranchi ya Kitengela ikagawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake. Muda mfupi baadaye, mwaka 1990, ilipitishwa sheria ya maeneo maalumu ya viwanda vya kuuza nje, na viwanda hivyo vikajengwa Athi River. Maelfu ya wafanyakazi walihitaji vyumba vya kupanga, na vyumba vilihitaji viwanja. Mfugaji aliyekuwa na hati mkononi, karo ya shule ikimngoja na ukame ukiwa umempunguzia ng'ombe, aliuza ekari chache. Jirani yake naye akauza. Wanunuzi wakazungushia viwanja vyao seng'enge. Nyumbu waliokuwa makumi ya maelfu mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepungua hadi chini ya 5,000 kufikia 2011.

Wataalamu waliyaona haya yakija. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kituo cha kimataifa cha mifugo barani Afrika, chenye makao yake Addis Ababa, kilifanya uchunguzi mkubwa wa ufugaji katika mashariki ya Kajiado, na matokeo yakachapishwa kuwa kitabu mwaka 1991. Ilikuwa kazi ya uangalifu, na hadi leo wasomi wanairejea. Ila iliandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya wataalamu na wapanga mipango. Mfugaji aliyehesabiwa ng'ombe wake na kuulizwa maziwa yanakwenda wapi hakuwa msomaji aliyekusudiwa.

Mwaka 1994 kituo hicho kiliunganishwa na kingine kilichokuwa Nairobi, ikazaliwa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo yenye makao Kabete. Miaka ya mwanzo ya 2000, watafiti wake, akiwemo mwanaikolojia Robin Reid, walibadili mwendo. Katika mradi ulioitwa Reto-o-Reto, maneno ya Kimaa yenye maana ya kusaidiana, waliwaajiri Wamaasai wenyewe wawe kiungo kati ya wanasayansi na maboma. Kitengela kazi hiyo ilimwangukia David Nkedianye, mwana wa hapohapo. Kazi yake ilikuwa kupeleka maswali ya wafugaji kwa wanasayansi na kurudi na majibu, na majibu hayo yalijadiliwa kwenye mikutano ya wenye ardhi.

Swali kubwa la wakati ule lilikuwa seng'enge. Kila mtu aliona nyua zikiongezeka, lakini hapakuwa na aliyejua zimeziba njia zipi na zimeacha wazi zipi. Basi wenyeji wakafundishwa kutumia vifaa vidogo vinavyonasa mahali kwa msaada wa setilaiti. Mwaka 2004 walipita uwandani, ua baada ya ua, wakiandika ulipo na unakoelekea. Watafiti wakayakusanya yote kwenye ramani moja.

Hapa ndipo Kitengela inapostahili kukumbukwa. Kwa miaka mia moja ramani za nchi hii zilichorwa ofisini, zikafika kwa mwenyeji zikiwa amri. Safari hii aliyeijua kila njia ya ng'ombe na kila kisima ndiye aliyeshika kifaa. Ramani ilipowekwa mbele ya mkutano, wenye ardhi hawakuhitaji kuaminishwa na mgeni. Walikuwa wakitazama kazi ya mikono yao. Wakaitumia kudai mpango, na baraza la kaunti la Olkejuado la wakati huo likawa na kitu cha kushika. Mazungumzo hayo yalichangia mpango wa matumizi ya ardhi ya Kitengela, Isinya na Kipeto, uliokusudiwa kwa miaka ya 2006 hadi 2026. Nkedianye mwenyewe alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akichunguza pamoja na wenzake mambo kama vifo vya mifugo katika ukame wa 2005 na 2006. Mwaka 2013, ugatuzi ulipoanza, wananchi walimchagua gavana wa kwanza wa Kaunti ya Kajiado.

Sambamba na ramani kulikuwa na mpango wa kukodi ardhi ulioanza mwaka 2000. Familia iliyokubali kuacha ardhi yake bila ua, bila kuiuza na bila kuwadhuru wanyamapori, ililipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka. Malipo yaligawanywa mara tatu yaende sawa na mihula ya shule, kwa sababu karo ndiyo iliyokuwa ikiwasukuma wengi kuuza. Aliyepanga malipo hivyo alikuwa amewasikiliza wazazi.

Hayo yote hayakuizuia seng'enge. Fedha za kukodi zilitegemea wafadhili, na bei ya ploti ilipanda kupita uwezo wao. Juni 2012 simba 6 waliuawa Kitengela baada ya kuvamia mifugo, na uchungu wa pande zote mbili ukawa wazi. Lakini kabla ya hapo, mvulana wa kandokando ya mbuga, Richard Turere, akiwa na umri wa miaka kama 11, alikwisha kubuni taa zinazowaka na kuzimika kuzunguka boma, kwa betri, paneli ya jua na vipuri vya pikipiki, ili simba wadhani kuna mtu anayetembea na tochi. Mwaka 2013 aliueleza ubunifu huo mbele ya hadhira ya kimataifa Marekani. Maarifa ya kuishi na simba yalitoka zizini, kwa mtoto aliyekabidhiwa ng'ombe wa baba yake.

Leo Kajiado haingoji tena watafiti kutoka mbali. Chuo Kikuu cha Africa Nazarene kilifungua milango yake mwaka 1994 upande wa Ongata Rongai, jirani kabisa na mbuga, na kikapata hati ya kutambuliwa mwaka 2002. Chuo kikuu kiitwacho Umma, kilichoanzia Thika, kimejenga karibu na mji wa Kajiado. Vyuo huleta hosteli, vibanda vya chakula, nauli za matatu na kodi za nyumba, na jirani hufurahi kupata riziki. Lakini wapangaji wapya vilevile huongeza njaa ya viwanja, na kila jengo jipya linakalia ardhi iliyokuwa malisho ya mtu.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Chuo kikuu kilichojengwa uwandani ni mgeni wa kudumu, na hakuna awezaye kuwatibu wenyeji wake kwa dawa iliyofungiwa kabatini. Kila mwaka wanafunzi wa vyuo vyetu huandika tasnifu juu ya maji, ukame, migogoro ya ardhi na elimu ya wasichana. Wananchi hutoa saa zao na siri za maisha yao, kisha kitabu hufungwa jalada gumu na kupelekwa maktaba.

Kitengela imekwisha kutuonyesha njia, na haikuhitaji maabara ya fahari. Swali lianzie kwa wenyeji. Vijana wao wafundishwe kupima na kuandika, na walipwe kwa kazi hiyo. Matokeo yaelezwe barazani, kwa Kimaa na Kiswahili, mbele ya waliohojiwa, nao wapewe nafasi ya kuyapinga. Vyuo vya Kajiado vingeweza kulifanya hili kuwa sharti: mwanafunzi aliyefanya utafiti katika kijiji asivae joho kabla hajarudi kijijini hapo kueleza alichokipata. Ingegharimu nauli na mchana mmoja chini ya mgunga, na jirani angejua kwamba chuo kilichojengwa penye malisho yake ni chake pia.