Meno ya Bandia: Kuyachagua na Kuyatunza

Katika nyumba zetu nyingi, iwe Maskati, Dubai au Unguja, mna mzee ambaye meno yake ya bandia yamelala kwenye mtoto wa meza. Hayavai kwa sababu yanamuumiza, na kwenye sinia hula wali na mchuzi tu. Mara nyingi kosa si lake. Ama meno hayakupimwa vizuri, ama yalipimwa vizuri zamani na ufizi umenywea tangu hapo.

Aina zake

Seti kamili ni ya aliyepoteza meno yote ya taya la juu, la chini, au yote mawili. Kipande ni cha aliyebakiwa na meno kadhaa. Hushikwa na vibanio vinavyokamata meno hayo. Sehemu inayofanana na ufizi ni plastiki ngumu iitwayo akriliki. Kipande huweza pia kuwa na kiunzi cha chuma, chembamba na imara zaidi, lakini cha bei kubwa. Seti ya juu hukaa vizuri kuliko ya chini, maana hushikamana na kaakaa kwa msaada wa mate. Ya chini husukumwa na ulimi.

Kuchagua

Daktari huchukua kalibu ya mdomo, kisha hukujaribisha meno yakiwa bado yamepangwa kwenye nta. Hapo ndipo pa kusema. Jitazame kiooni, hesabu kwa sauti, na uende na mtu wa nyumbani akutazame. Yakishamalizwa, kubadili rangi au urefu ni kazi.

Wengi hutengenezesha meno wakiwa likizo, kwa kuwa bei ni nafuu. Si vibaya, ila usingoje wiki ya mwisho. Meno mapya huhitaji kurekebishwa zaidi ya mara moja. Uliza pia kama marekebisho yamo ndani ya bei. Aliyeng'olewa meno karibuni ajue kuwa ufizi hunywea sana miezi ya mwanzo, na seti itahitaji kujazwa upya kwa ndani.

Wiki za mwanzo

Mate hujaa, na herufi kama s na f hutoka vibaya. Anza na chakula laini kilichokatwa vipande vidogo, utafune pande zote mbili pamoja. Mimi nilikuwa nikisoma gazeti kwa sauti kila asubuhi, na matamshi yakarudi. Tende itoe kokwa kwanza. Mwezi wa Ramadhani mdomo hukauka na meno hukwaruza zaidi, basi wakati wa futari tangulia na maji.

Usafi wa kila siku

1. Suuza meno kila baada ya kula.
2. Yasugue kila siku kwa brashi laini na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Dawa ya meno ya kawaida huikwaruza akriliki.
3. Weka maji au taulo ndani ya beseni, yakiponyoka yasivunjike.
4. Usitumie maji ya moto, huyapinda. Majira ya joto huku Ghuba hata maji ya mfereji wa baridi hutoka na moto wa tangi la juu ya paa. Yateke mapema yapoe.
5. Safisha pia ufizi, ulimi na meno yaliyobaki.
6. Usiku yavue, uyaweke kwenye maji. Yakikauka hupoteza umbo.

Hili la mwisho wengi hulipuuza. Kulala nayo hukaribisha fangasi na wekundu kwenye kaakaa. Uchunguzi wa Japani kwa wazee 524 wenye miaka 85 na zaidi ulionyesha kuwa waliolala na meno ya bandia walipata homa ya mapafu mara mbili na zaidi kuliko waliovua.

Wakati wa kumwona daktari

Nenda kila mwaka, hata kama huna jino hata moja lako. Yakilegea, usiyazoeze kwa gundi. Yakivunjika, usiyaunge mwenyewe wala usiyachonge kwa tupa. Kidonda au doa jeupe au jekundu mdomoni lililopita wiki mbili lisingoje, kwani saratani ya mdomo huanza hivyo hivyo, mara nyingi bila maumivu.

Nanyi vijana, mkimwona mzee anaacha nyama kwenye sinia, msidhani ameshiba. Muulizeni meno yake yako wapi, kisha mpelekeni.