Tomati ya Bankambo na Historia ya Lupango Letu

Mwaka jana, mvua ilipoanza, tuliona mche mmoja ukiota wenyewe nyuma ya jiko letu, mahali tunapomwaga maji ya vyombo na maganda. Hakuna aliyeupanda. Tulitaka kuung'oa, lakini mama mmoja mzee wa jirani akatuzuia: «Muache! Ile njo tomati ya bankambo.» Tukaacha. Ilipozaa, tulipata matunda madogo, mekundu sana, yenye mikunjo kama kiboga na ganda jembamba. Tuliyapika na samaki wa kukauka, tukala na bukari. Tangu siku ile hakuna tomati nyingine tunayoipenda kuliko hiyo.

Tukajiuliza: imetoka wapi? Tomati si mmea wa hapa kwetu. Ndugu zake wa porini ni wa milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Watu wa Meksiko ndio walioilima zamani na kuiita «tomatl», na Wahispania wakaipeleka Ulaya katika karne ya 16. Neno hilo likapita katika Kifaransa hadi kinywani mwetu: tomati. Wenzetu wa pwani wanasema nyanya. Bankambo wetu walikuwa tayari na ndugu yake wa Afrika, ile impwa chungu tunayoipika mpaka leo. Kwa hiyo mgeni huyu alipofika, alikuta chungu kiko tayari kumpokea.

Katika mji wetu, historia ya bustani inafuata historia ya shaba. Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906. Mwanzoni ilileta wanaume kwa kazi ya muda mfupi. Kuanzia miaka ya 1920 ikataka wafanyakazi wakae na wake na watoto wao. Kolwezi ilizaliwa mwaka wa 1937 kuwa makao ya migodi ya magharibi. Katika makambi kampuni iligawa poso: unga, maharagwe, mafuta, samaki. Lakini mboga ya kila siku ilitoka mikononi mwa bamama. Kila mmoja alikuja na mbegu za kwao, akabadilishana na jirani wa kabila lingine. Hivyo bustani zikawa mahali pa kujuana.

Kisha shida ikaja. Mwaka wa 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba. Mgodi wa Kamoto ukaporomoka Septemba 1990, na mwaka wa 1993 shaba yote haikufika tani 50,000. Mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwaka wa 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika kampuni. Wakati ule lupango ndilo lililolisha watoto, na tomati hizi zilikuwamo.

Kwa nini basi zimepotea? Sokoni wanataka tomati ngumu, inayosafiri siku mbili ndani ya lori bila kupasuka. Ya bankambo ina ganda laini. Ukiichuma asubuhi, uipike jioni. Tena kuna mbegu chotara za dukani: zinazaa sana, lakini ukipanda mbegu za tunda lake, watoto hawafanani na mama. Ya bankambo inafanana, kwa sababu ua lake kwa kawaida hujichavusha lenyewe. Mama yule alitufundisha: chagua tunda bora la mche wenye afya, liive kabisa, kamua mbegu pamoja na maji yake ndani ya kikombe, acha siku mbili au tatu mpaka ule utelezi utoke, osha, kausha kivulini.

Sababu nyingine ni nzito zaidi. Mwaka wa 2014, kule Kasulo, kobalti ilipatikana ndani ya lupango. Watu wakachimba uani, wengine hata ndani ya nyumba. Mwaka wa 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta, na wakaaji wakahamishwa. Hatuwahukumu waliochimba, njaa haina mwalimu. Lakini tuseme ukweli: shimo halizai mara ya pili. Aliyehama alibeba kitanda na sufuria. Nani alikumbuka kubeba mbegu?

Tangu 2015 sisi ni jimbo la Lualaba, na dunia nzima inajua jina letu kwa sababu ya yale yaliyo chini ya ardhi. Ya juu ya ardhi ni sisi wenyewe tutakaoyatunza. Mbegu za mche wetu tumezifunga katika karatasi sita: moja tumebaki nayo, tano tumewapa majirani. Mama yule alipopokea yake alicheka: «Sasa hata kama wananihamisha, ninajua nitabeba nini.»