Neva za misuli ya paja

Misuli ya paja la binadamu imo katika makundi matatu, la mbele, la ndani na la nyuma, na kila kundi lina neva yake kuu itokayo kwenye uti wa mgongo.

Kundi la mbele huendeshwa na neva ya femorali, yenye mizizi L2, L3 na L4 ya kiuno. Neva hii huingia pajani kupitia kinena, ikiwa upande wa nje wa ateri ya paja, na baada ya hapo hutawanyika mara moja. Matawi yake hufika kwenye kwadrisepsi, msuli wenye vichwa vinne unaonyoosha goti, na kwenye sartori, msuli mrefu unaosaidia kukunja miguu mtu anapokaa mkekani. Daktari akigonga kwa nyundo ndogo kano iliyo chini ya pia ya goti, mguu huruka wenyewe: habari hupanda kwa neva hii hadi kwenye uti wa mgongo, na amri hurudi kwa njia ileile bila kuungoja ubongo.

Kundi la ndani, linalobana mapaja, ni la neva ya obturata, yenye mizizi hiyohiyo mitatu. Nyuzi zake hufika pia kwenye viungo vya nyonga na goti. Ndiyo maana mtoto anayeumwa nyonga huweza kulalamikia goti, na kupima goti peke yake ni kosa kubwa.

Nyuma ya paja hutawala neva ya siatika (L4 hadi S3), nene kuliko zote mwilini, yenye upana wa sentimita 2 hivi inapoanza. Kwa kweli ni neva mbili ndani ya ala moja. Sehemu ya tibia huendesha misuli inayokunja goti, isipokuwa kichwa kifupi cha baisepsi ya paja, ambacho ni cha sehemu ya fibula. Msuli mkubwa wa kubana paja hupokea neva mbili, obturata na tibia.

Siatika hupita chini ya tako, hivyo sindano ikichomwa pasipofaa huweza kuijeruhi na kuacha wayo ukining'inia. Mtoto mchanga achomwe pajani, upande wa mbele kwa nje, mbali na neva hiyo.